Mguu wa jogoo ukiunga upande, usiuvunje tena kwa mkono

Hapa Isevya, Tabora, naletewa majogoo wa kuchi na njiwa waliovunjika mguu au bawa, mfupa ukafungwa vibaya. "Bwana mifugo, uvunje uunyooshe." Nakataa. Mfupa wa ndege ni mwembamba na mkavu. Ukiulazimisha, hauvunjiki pale ulipopinda. Unapasuka kama ganda la karanga, ncha zikachana nyama na mishipa.

Kwanza uliza aliumia lini. Mfupa wa ndege huunga upesi. Wiki tatu hivi unakuwa umeshika. Lowesha pamba, tenganisha manyoya, tazama ngozi. Ukijani usikutishe: damu iliyovilia kwa ndege hugeuka kijani baada ya siku mbili tatu, si kuoza. Kisha papasa polepole kwa kidole gumba na cha shahada.

Mfupa ukicheza na hakuna kidonda, gango bado linafaa. Nyoosha taratibu, zungushia pamba, weka vijiti viwili vya mwanzi, funga plasta ikamate kiungo cha juu na cha chini. Vidole vikivimba au vikipoa, legeza mara moja. Bawa lifungwe likiwa limekunjwa, ila kifua usikibane kabisa: ndege hana kiwambo, yaani msuli wa kupumulia ulio chini ya mapafu, anapumua kwa kusogeza kidari.

Ukikuta nundu ngumu isiyocheza, umeshaunga. Kama anatembea, anakula na nyayo hazina vidonda, mwacheni jamani. Kupasuliwa kwa ajili ya sura tu ni kumtesa.

Asiyeweza kusimama ndiye wa kupasuliwa, na ni kazi ya daktari wa mifugo mwenye eksirei na nusukaputi ya gesi. Kwa sisi wa huku, pa kuulizia kwanza ni hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), Morogoro. Zipigwe picha mbili, ya mbele na ya ubavuni. Daktari hukata mfupa penye pindo, huunyoosha, hupitisha pini ndani na kuifunga na chuma cha nje ili mfupa usizunguke. Mfupa wa juu wa bawa una uwazi uliounganika na mifuko ya hewa. Maji ya kuoshea yakiingia humo, ndege anaweza kufa maji mezani. Muda wote awekewe joto, maana mwili wake ni wa nyuzi 40 hadi 42 na usingizini hupoa haraka.

Akirudi nyumbani, mweke kwenye boksi lenye matandiko makavu, bila kichanja cha kurukia, maji na chakula karibu na mdomo. Pini isitolewe mpaka picha nyingine ionyeshe mfupa umeshika.