Jinsi ya kuombeana, kutiana moyo na kuungama dhambi kwenye timu ya umisheni

Wapendwa, kwenye timu nyingi za umisheni maombi yapo asubuhi na jioni, tunaombea kazi, wagonjwa, wafadhili, vibali, gari lililoharibika, afu mtu analala chumba cha pili ana dhambi inamtafuna miezi na miezi na hakuna anayejua. Yakobo 5:16 imeweka kuungamiana na kuombeana pamoja ili tupate kuponywa, sisi tumebaki na nusu moja. Naandika kwa yule anayetaka kuanzisha jambo hili kwenye timu yake, na naanza na kitu ambacho viongozi wengi wanakiruka: mfundishe anayesikiliza kabla hujamhimiza anayeungama. Watu wanajua wana dhambi, hilo halina haja ya semina, wasichojua ni watajibiwa nini wakifungua mdomo, ndo maana wanakaa kimya.

Usianze na timu nzima. Anza na watu wawili au watatu, wanaume na wanaume, wanawake na wanawake, wakutane siku ileile kila wiki na simu ziwe mbali. Hili si jambo geni kabisa, Wamoravian, Wakristo wa Kiprotestanti, pale kijiji cha Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1727 waliishi kwenye vikundi vidogo hivyo hivyo, mwaka huohuo ndugu 24 na dada 24 wakapeana zamu za kuomba saa baada ya saa, mnyororo ule wa maombi ukaendelea zaidi ya miaka 100, na kuanzia 1732 wakaanza kutuma wamishenari mbali sana. Angalia tu mtu asiwekwe kikundi kimoja na anayeandika tathmini yake au anayeamua kama mkataba wake unaendelea, manake hapo hata aliyeokoka miaka mingi atasema nusu.

Wiki za mwanzo msiguse dhambi. Ombeaneni na tianeni moyo tu, na kutia moyo kuwe na kitu ndani. "Ubarikiwe sana mtumishi" inapita sikio hili inatokea lile. Sema ulichokiona: "jana yule mama alipokuwa anakufokea ulikaa kimya ukamsikiliza mpaka mwisho, nikaona upole wa Kristo kwako." Mtu akisikia hivyo anajua unamwona, na anayejua anaonekana kwa wema ataweza kuonekana na ubaya wake pia. Barnaba alifanya hivyo kwa vitendo, Sauli alipofika Yerusalemu wote wanamwogopa, yeye akamchukua akampeleka kwa mitume na kuwasimulia alichofanyiwa na Bwana (Matendo 9:27). Wapo wenzetu kwenye timu ambao tangu wafike hakuna aliyewasimamia namna hiyo, na inaumiza kweli.

Sasa kuungama kwenyewe. Taja dhambi kwa jina lake, na sema umemkosea nani. Tuna lugha yetu ya kufichia, tunasema "nimekuwa na changamoto kwenye eneo la ripoti, mniombee". Hapo hujaungama kitu. Kuungama ni kusema: "niliandika kwa wafadhili kwamba watu 40 wameokoka, walionyosha mikono walikuwa 12, nilidanganya kwa sababu niliogopa msaada utakatwa." Inauma kuisema, lakini sasa kuna kitu cha kusamehewa. Ivo ivo na wivu kwa mwenzako anayealikwa kuhubiri kila mahali, picha chafu kwenye simu usiku, uchungu dhidi ya kiongozi, au kuongoza maombi ya wote wakati wewe binafsi hujapiga goti siku nyingi. Usieleze picha zote za dhambi ya zinaa, jina la dhambi na hali ilivyo vinatosha, na usitaje jina la mtu mwingine aliyehusika kama haihitajiki. Usiungame dhambi ya mume wako pia, ungama ya kwako.

Anayesikiliza, hapa ndo kazi ilipo. Usishtuke usoni. Usiseme "ah, hiyo ya kawaida, wote tuko hivyo", kwa sababu aliyekusanya nguvu wiki nzima kuisema unamwambia alikuwa anahangaika bure. Usianze kuhoji upate habari zaidi na usirukie ushauri. Kaa kimya kidogo, afu mwambie kwa sauti, ukimwangalia, kwamba Mungu ni mwaminifu na wa haki, anasamehe dhambi iliyoungamwa na kutusafisha, msomeeni pamoja 1 Yohana 1:9 Biblia ikiwa mkononi. Mtu anaweza kuisoma peke yake mara nyingi asiamini, lakini akiisikia kwa mdomo wa ndugu aliyesikia dhambi yake sasa hivi, inaingia. Afu omba hapohapo, sio "nitakuombea". Maombi mafupi, taja dhambi ileile aliyoitaja, usiigeuze kuwa mahubiri ya kumchapa huku umefumba macho, tafadhali sana.

Baada ya maombi muulize swali moja: kuna nini cha kurekebisha? Yule wa ripoti aandike tena kwa wafadhili idadi ya kweli, na wewe kaa naye anapoandika. Kama amemkosea mwenzake aende kwake kwanza, Mathayo 5:23-24 haisubiri ibada iishe.

Siri ni siri. Isiende kwenye grupu la WhatsApp, isiende kwa mke, na ule mtindo wa "tumwombee sana fulani, anapitia mambo mazito" ni umbea uliovaa kanzu. Ila wote waambiwe mwanzoni kabisa kabla hajasema mtu, mtoto akiwa ameumizwa au kuna mtu yuko hatarini, au ni kosa la jinai kama kubaka, hapo hakuna siri, vyombo vya sheria vitaarifiwa na aliyeumizwa atalindwa kwanza. Kusamehewa na Mungu hakufuti hilo, na timu inayoficha kwa jina la neema inamtenda dhambi aliyeumizwa mara ya pili.

Na kiongozi aungame pia, kwa wenzake wa ngazi yake, na pale alipoikosea timu mbele ya timu. Uamsho wa Afrika Mashariki miaka ya 1930 kule Gahini, Rwanda, ulishika moto wakati wamishenari wa Kizungu na Waafrika waliofanya kazi pamoja walipoanza kuombana msamaha waziwazi, na wazungu wakakiri kiburi chao kwa wenzao Waafrika. Asiyewahi kusikia kiongozi wake akisema "nilikukosea" ataona kuungama ni kazi ya wadogo tu.

Akianguka tena dhambi ileile wiki inayofuata, msikilizeni tena hivohivo, na wakati huu pangeni nani atampigia saa ile ya usiku inayomsumbua na simu yake ilale chumba gani.