Amri ya ulinzi: jinsi ya kuiomba mahakamani Kenya

Amri ya ulinzi ni amri ya hakimu inayomkataza mtu wa nyumbani kukudhuru. Wengi hudhani ili kuipata ni lazima kwanza jicho livimbe. Sivyo. Sheria ya mwaka 2015 ya kuwakinga watu na ukatili wa nyumbani inahesabu pia vitisho, kufuatwafuatwa, kuvunjiwa vitu, kunyimwa pesa za matumizi, hata wakwe kujiingiza katika ndoa yako. Na haimlindi mke peke yake: mume, mchumba, mtalaka na mliyezaa naye bila ndoa, wote wamo.

1. Ukiwa hatarini usiku huu, toka kwanza, karatasi zitafuata. Piga 1195, simu ya msaada kwa wanaofanyiwa ukatili, ni bure. Ukiweza, beba kitambulisho, vyeti vya watoto na dawa zako.

2. Nenda hospitali. Aliyebakwa afike kabla ya saa 72 kwisha, na asioge. Nguo zifungwe kwa gazeti, si kwa plastiki, maana unyevu huharibu ushahidi.

3. Nenda polisi. Unaruhusiwa kutoa maelezo kwa askari wa jinsia yako. Chukua fomu ya P3 ili daktari ajaze majeraha, na usitoke bila nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha kituo. Kuna mama niliyemsindikiza aliyeiandika kiganjani kwa kukosa karatasi. Kabla hatujafika stendi jasho lilikuwa limeifuta. Tukarudi.

4. Peleka ombi kwa mahakama ya hakimu, pamoja na hati ya kiapo, yaani maelezo yako ya maandishi uliyoyaapia kuwa ni kweli. Hapa ndipo pa kutulia. "Hunipiga kila mara" haimsaidii hakimu. Andika: "Jumapili, saa tatu usiku, alinirushia sufuria ya uji wa moto, mtoto wetu akiona." Siku, saa, kitu, shahidi. Hakimu akiona kungoja kutakuumiza, anaweza kutoa amri ya muda kabla ya mwenzako kusikizwa. Yeye ataitwa baadaye ajitetee.

5. Hakikisha amri imemfikia. Wengi huiweka kabatini wakidhani kazi imekwisha, kumbe jamaa hajakabidhiwa. Omba nakala kadhaa zenye muhuri: moja ikae nawe mkobani, nyingine kituoni, na kama watoto wametajwa, nyingine kwa mwalimu mkuu.

Maswali ya wanachama

Dada, nyumba ni yake. Si mimi nitakayetoka?
Si lazima. Hakimu anaweza kumwamuru yeye aondoke, hata kama nyumba ina jina lake. Haina maana kwamba imekuwa yako. Ni ya kukaa kwa usalama tu.

Akija mlangoni na amri ninayo?
Usitoke kubishana naye. Piga polisi, waonyeshe amri, uandikiwe OB mpya. Kuivunja ni kosa la jinai: faini isiyozidi shilingi 100,000, au kifungo kisichozidi miezi 12, au vyote viwili.

Wazee wanasema tuyamalize nyumbani.
Kawasikilize ukitaka, ila kikao hakina pingu. Na wakikushurutisha kufuta kesi, mwambie hakimu hilo nalo.

Mimi niliozeshwa na kadhi. Niende kwake? Na ndoa itavunjika?
Talaka ni ya kadhi. Amri hii ni ya hakimu, na kuiomba si kuomba talaka. Wapo wanaoendelea kuishi nyumba moja, amri ikimkataza mwenzao kupiga na kutisha tu. Ukitaka talaka au mgao wa mali, hiyo ni kesi nyingine, na faili nyingine.