Jinsi ya kupunguza "basically" na wenzake kwenye Kiingereza chako

Kabla ya kufuta chochote kati ya vijazio hivi, yaani maneno yanayoponyoka bila kuongeza maana, jirekodi. Chagua swali la kawaida la usaili, washa simu, jibu kwa Kiingereza kwa dakika 3 bila kusoma popote. Sikiliza kesho yake. Ukisikiliza papo hapo, kichwa bado kinakumbuka ulichotaka kusema na sikio linaruka ulichosema kweli. Usitegemee programu ya kugeuza sauti kuwa maandishi, maana nyingi hudondosha "um" na marudio, ukajiona msafi bure. Tumia karatasi: piga kistari kwa kila "like", "actually", "basically", "you know", na uandike pia kilichofuata mara tu baada yake.

Hicho kilichofuata ndicho kinachoonyesha tiba. Neno likitokea kabla ya tarakimu au jina, ulikuwa unatafuta jambo ambalo hukulishika vizuri. Kariri tarakimu zako, si Kiingereza. Likifungua jibu, unanunua muda: funga mdomo, vuta pumzi, kisha anza. Kimya cha sekunde moja kwako ni kirefu mno, msikilizaji hata hakioni. Likiunganisha sentensi ("and so basically"), sentensi zako hazina nukta. Maliza moja, shusha sauti, anza nyingine. "You know" ya mwishoni mara nyingi inaomba kuungwa mkono, na hiyo nayo hupona kwa kushusha sauti.

Usitake kufuta vyote. Wanasaikolojia wa lugha Herbert Clark na Jean Fox Tree walionyesha mwaka 2002 kwamba wazungumzaji wa Kiingereza hutumia "uh" kuashiria kusita kidogo na "um" kusita zaidi, yaani zinamsaidia anayesikiliza. Mbili tatu hazimuudhi mtu.

Shughulika na neno moja tu, lile lenye vistari vingi, kwa wiki nzima. Ukipambana na matano kwa mpigo utaishia kugugumia. Kisha jirekodi tena kwa swali lilelile na uhesabu maneno yote upya, kwa sababu "like" ikiondoka, "kind of" huingia kimyakimya kushika nafasi yake.

Misemo ya mazoea inahitaji mkono mwingine, kwani hii haitokani na kusita. Mtu huisema kwa ufasaha kabisa. "At the end of the day" iliongoza mwaka 2004 wafuasi wa Plain English Campaign, kikundi cha Uingereza kinachopigania Kiingereza rahisi, walipotaja misemo inayowakera zaidi. Lake Superior State University ya Michigan, inayotoa orodha ya maneno ya kupigwa marufuku tangu 1976, nayo imewahi kuuorodhesha. Jaribio lake ni rahisi: ukate, usome kinachobaki. "At the end of the day, the customer decides" inakuwa "The customer decides", na hakuna kilichopotea. Kwetu kuna kikwazo cha ziada: anayesema "mwisho wa siku" kutwa nzima kwa Kiswahili atautoa tu kwa Kiingereza, hivyo ufanyie kazi pande zote mbili.

"Going forward" ibadilishe kwa tarehe: "from 1 July". "With all due respect" ni mbaya kuliko zote, maana Mwingereza akiisikia hujiandaa kutukanwa. Sema "I disagree, because" na utoe sababu yako. "Literally" ya kutilia chumvi imo katika kamusi ya Merriam-Webster, lakini kwenye usaili kuna wanaokunja uso wakiisikia. Itumie pale tu jambo lilipotokea hivyo hasa.

Ukipata mwenza wa kukusikiliza, agonge meza mara moja kila neno linapokuponyoka, asikukatize kwa maelezo. Kazi hiyo usimpe bosi wako.