Kupima ucheleweshaji wa kerneli kabla hujaikabidhi mashine ya kuchonga

Mlango ulikuwa wa mninga, si paini zetu za hapa Mafinga ambazo ukiharibu unavuta ubao mwingine. Ua la katikati lilipofika nusu, mashine ilihama milimita nne kushoto, ikaendelea kuchonga kwa raha zake. Mwenye karakana akanigeukia: "Fundi, kompyuta yako imelewa?"

Nilikuwa nimemfungia kompyuta kuukuu ya ofisini, Debian (aina ya Linux) na LinuxCNC, programu ya kuendesha mashine za kuchonga, mota za stepa (zinazozunguka hatua kwa hatua) zikiamrishwa kupitia poti ya paraleli. Nikajisifu kwamba wastani wa ucheleweshaji wa kerneli, ile sehemu ya mfumo endeshi inayogawa muda wa prosesa, ni maikrosekunde 5. Ni kweli ulikuwa 5. Ila mota haijui wastani.

Piga hesabu. Mota yangu inahitaji hatua 1,600 kwa mzunguko, na skrubu inasogeza milimita 5 kwa mzunguko, yaani hatua 320 kwa kila milimita. Kwa mwendo wa milimita 31 kwa sekunde, hatua hutoka kila baada ya maikrosekunde 100 hivi. Kerneli ikichelewa 300 mara moja tu, mota imekosa amri kwa muda wa hatua tatu ikiwa kwenye kasi, kisha inashtuliwa. Hapo inateleza, na hakuna anayeiambia LinuxCNC.

Hatua ya 1: kerneli sahihi

Tangu Linux 6.12 ya Novemba 2024, PREEMPT_RT, inayofanya kerneli iitikie kwa wakati, imo ndani ya kerneli yenyewe. Zamani tulibandika viraka na kukompaili usiku kucha. Kwenye Debian 13:

```
sudo apt install linux-image-rt-amd64 rt-tests stress-ng
```

Washa upya, andika `uname -v`, utafute neno PREEMPT_RT. Ukiona PREEMPT_DYNAMIC, umewaka na kerneli ya kawaida. Rudi kwenye menyu ya kuwashia.

Hatua ya 2: pima ikiwa imetulia

```
sudo cyclictest -m -S -p 90 -i 200 -D 10m -q -h 400
```

Kinachofanyika ni rahisi: thredi (mkondo mdogo wa kazi) moja kwa kila kiini cha prosesa inalala, ikiomba iamshwe wakati fulani kamili. Ikiamka inatazama saa. Tofauti kati ya muda ilioomba na muda ilioamka ndiyo ucheleweshaji. `-m` inafunga kumbukumbu isihamishiwe diski, `-p 90` ni kipaumbele, `-i 200` ni kuamka kila maikrosekunde 200, na `-h 400` inakupa mgawanyo wa matokeo hadi 400. Dakika kumi zinakupa sampuli 3,000,000 kwa kila kiini.

Matokeo haya yasikulevye. Ni ya kompyuta isiyo na kazi.

Hatua ya 3: ipe mzigo

Kwenye dirisha jingine:

```
stress-ng --cpu 4 --io 2 --vm 2 --timeout 10m
```

Rudia kipimo. Halafu fanya yale yanayofanyika karakanani kweli: nakili faili kutoka flashi, kuza na kupunguza picha ya mchoro, chomoa na kuchomeka kibodi. Mimi niliruka hatua hii, nikauza mlango kwa hasara.

Hatua ya 4: soma Max

Cha kwanza kutazama ni Max ya kila kiini. Kipimo changu, baada ya mzigo, kilisema Min 2, Avg 5, Max 387. Kati ya sampuli milioni tatu, chache tu zilivuka 300, na hizo chache ndizo zilizohamisha ua.

Kuna mtego hapa. cyclictest inapoanza hufungua `/dev/cpu_dma_latency` na kuandika sifuri, hivyo prosesa hairuhusiwi kulala usingizi mzito wakati wa kipimo. Programu yako isipofanya hivyo, utapima mashine iliyo macho na kuendesha mashine inayosinzia. Rudia kipimo kwa kuongeza `--laptop`, ambayo inaacha usingizi huo, ulinganishe.

Hatua ya 5: mtafute mwizi

Anza chini ya kerneli:

```
sudo hwlatdetect --duration=10m --threshold=10
```

Hii inazima interapti (ishara za kuikatiza prosesa kazi) kwa vipindi na kusoma saa mfululizo. Saa ikiruka, kuna kitu kimeichukua prosesa bila kerneli kujua. Kwangu iliruka zaidi ya 300. Mwizi alikuwa BIOS, programu iliyomo kwenye bodi yenyewe: inatumia SMI, interapti ambayo mfumo endeshi hauwezi kuizuia. Niliingia kwenye BIOS nikazima "USB Legacy Support", ile inayoigiza kibodi ya kizamani. Jua tu kwamba huenda kibodi ya USB isifanye kazi kwenye menyu ya kuwashia. Na usizime SMI zote kwa hila za mtandaoni. Kwenye baadhi ya bodi ndizo zinazolinda joto.

hwlatdetect ikiwa safi, mwizi yumo ndani ya kerneli. Hapo tumia `sudo rtla timerlat top -a 50`: inasimama ucheleweshaji ukifika 50 na kukuonyesha nani alikuwa anashika kiini.

Hatua ya 6: usiku mzima, lakini kwa vipande

`-q` huandika matokeo mwishoni tu. Nilipima kwa muda wa saa tisa, umeme ukakatika alfajiri, nikabaki na faili tupu. Siku hizi, mzigo ukiendelea pembeni:

```
for i in $(seq 12); do
  sudo cyclictest -m -S -p 90 -i 200 -D 1h -q -h 400 > saa$i.txt
done
```

Usiku huo wa pili Max ya juu kabisa ilikuwa 31. Tukajaribu kwenye paini kwanza, mwenye karakana akiwa kasimama na futi kamba mkononi.

Miezi minne baadaye akanipigia: ua limehama tena. Sikugusa mota. Betri ya bodi, ile CR2032, ilikuwa imekufa. Umeme ulipokatika BIOS ikarudi mipangilio ya kiwandani, USB Legacy ikiwemo. Sasa ndani ya kifuniko cha kompyuta kuna karatasi: mpangilio wa BIOS, Max 31, na tarehe ya kubadili betri.