Somo: Kupaka auramini kwenye slaidi ya makohozi, hatua kwa hatua

Somo hili, la kupaka makohozi auramini (rangi inayowafanya bakteria wa kifua kikuu, yaani TB, wang'ae), nimewaandikia wenzangu wa maabara za vituo vya afya, hasa walioko Nakivale, Kyangwali, Koboko na Busia. Wengi wenu mlianza na Ziehl-Neelsen, njia ya zamani ya kupaka rangi kwa kupasha moto, na sasa mmeletewa hadubini ya LED, inayomulika slaidi kwa mwanga wa bluu. GeneXpert, mashine inayotafuta DNA ya bakteria, imechukua sehemu kubwa ya uchunguzi wa kwanza wa kifua kikuu hapa Uganda, lakini mgonjwa aliyekwisha kuanza dawa bado tunamfuatilia kwa hadubini, kwa kuwa GeneXpert hunasa hata DNA ya bakteria waliokufa na inaweza kuendelea kusema "wapo" kwa muda mrefu. Kwa hiyo slaidi yako bado ina kazi kubwa.

Auramini hung'ang'ania nta iliyo katika ukuta wa bakteria wa TB, na asidi haiwezi kuing'oa. Ukiimulika kwa mwanga wa bluu, hutoa mwanga wa manjano ulioelekea kijani. Kwa kuwa bakteria wanang'aa, huhitaji lenzi ya mafuta: lenzi ya 20 au 40 inatosha, na kwa muda uleule unapitia eneo kubwa zaidi la slaidi. Ndiyo maana njia hii hunasa takriban asilimia 10 zaidi ya Ziehl-Neelsen, jambo la maana sana kwa wagonjwa wenye VVU, ambao makohozi yao mara nyingi huwa na bakteria wachache. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza hadubini za LED zichukue nafasi ya zile za taa ya zebaki.

Shikeni jambo moja: mng'ao huu hupotea upesi. Mwanga wa jua huufifisha, klorini ya maji ya bomba huudhoofisha, pamanganeti (kemikali ya zambarau ya hatua ya 4) ikikaa kupita kiasi huumeza. Kila hatua ifuatayo itazameni kwa jicho hilo.

Andaa auramini ya asilimia 0.1 ndani ya fenoli ya asilimia 3 (chupa ya kahawia, kabatini), alkoholi yenye asidi ya asilimia 0.5, pamanganeti ya potasiamu ya asilimia 0.5, na maji yaliyotoneshwa. Vaa glavu bila kujadiliana na nafsi yako. Fenoli huunguza ngozi, na auramini ni miongoni mwa kemikali zinazoshukiwa kuleta saratani.

Hatua ya 1. Chagua sehemu ya makohozi yenye usaha, uipake sm 2 kwa sm 1. Mpako ukikauka, shika slaidi juu ya ukurasa wa gazeti: maandishi yasomeke kupitia mpako. Yasiposomeka, ni mzito. Utabanduka wakati wa kuosha au utabaki na rangi isiyotoka. Pitisha slaidi kwenye moto mara mbili tatu, mpako ukiwa juu.

Hatua ya 2. Mwagia auramini ifunike slaidi yote, dakika 20. Usipashe moto. Waliozoea Ziehl-Neelsen mkono huenda kwenye kichomeo wenyewe; hapa uzuieni. Rangi ikianza kukauka, ongeza.

Hatua ya 3. Suuza, inamisha slaidi maji yatoke, mwagia alkoholi yenye asidi kwa dakika 3, suuza tena.

Hatua ya 4. Pamanganeti, dakika 1. Hapa ndipo slaidi nyingi huharibika. Kazi yake ni kutia giza kila kitu kisicho bakteria; bila yake kamasi na seli nazo hung'aa, ukose kuona. Ikizidi, bakteria nao hufifia. Tumia saa, usikisie. Na kama una slaidi 12 kwenye kichanja, kumbuka ya kwanza imepata pamanganeti kabla ya ya mwisho: suuza kwa mpangilio uleule uliomwagia, kuanzia ya kwanza.

Hatua ya 5. Simamisha slaidi zikauke zenyewe, mbali na dirisha. Zikikauka, zifungie ndani ya sanduku, uzisome kabla ya saa 24 kupita.

Unaposoma, anza na slaidi za majaribio, yenye bakteria na isiyo nao. Tafuta kwa lenzi ya 20, hakikisha kwa ya 40. Unatafuta vijiti vyembamba, vingine vimepinda kidogo. Kwa ukuzaji wa mara 400 (lenzi ya 40), kupita mpako mara moja kutoka mwisho hadi mwisho ni kama maeneo 40 ya kutazama. Yapitie yote kabla ya kuandika "hakuna".

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, slaidi zangu zote zina ukungu wa kijani. (Busia)*

Ndugu yangu, tazama kwanza unene wa mpako, kisha alkoholi yako ya asidi. Halafu angalia pamanganeti: ikigeuka kutoka zambarau kuwa kahawia, imeharibika. Tengeneza mpya.

*Nikiona vitu viwili vitatu vinang'aa lakini si vijiti, niandike? (Nakivale)*

Hapana, dada. Mara nyingi hizo ni punje za rangi. Chuja auramini kwa karatasi kabla ya kuitumia. Ukiona vijiti kamili, hata vichache, andika idadi uliyohesabu na umwombe mwenzako asome bila kumwambia ulichoona.

*Umeme wetu hukatika. Na je, chumba lazima kiwe giza kabisa? (Koboko)*

Hadubini nyingi za LED zinakubali betri, na betri inachajiwa kwa sola. Giza kamili lilihitajika zaidi enzi za taa ya zebaki. Kwa LED, pazia zito na kuipa dirisha mgongo kunatosha.

*Naweza kurudia slaidi hiyohiyo kwa Ziehl-Neelsen? (Kyangwali)*

Ndiyo, auramini kwanza kisha Ziehl-Neelsen. Kinyume chake hapana. Na slaidi unazotunza kwa ajili ya ukaguzi zitakuwa zimefifia zikifika kwa mkaguzi, hivyo zipakwe auramini upya kabla hajazisoma. Ziwekeni gizani tangu siku ya kwanza, namba ya mgonjwa ikiwa imeandikwa kwa penseli kwenye kioo kilichokwaruzwa, maana wino wa kalamu huondoka na alkoholi.