Skrini ya laptopu yenye Linux imekwama 1024x768? Pima kwanza, kisha rekebisha

Laptopu nyingi zinazouzwa Luthuli Avenue na Moi Avenue jijini Nairobi ni zile za ex-UK: mashine za ofisi zilizotumika ng'ambo, imara, zenye miaka michache mgongoni. Ukishaiondoa Windows na kuweka Ubuntu au Linux Mint, wakati mwingine unakuta maandishi yamevimba, duara limekuwa yai, na kwenye Mipangilio sehemu ya skrini kuna chaguo moja tu: 1024x768 au 800x600.

Wengi hapo hukimbilia kunakili amri za xrandr, chombo cha kubadili ukubwa wa picha kwenye skrini, walizozipata mtandaoni. Huko ni kumeza dawa ya malaria kabla ya kupimwa damu. Kwa skrini ya laptopu yenyewe, kasoro hii mara nyingi haiko kwenye mipangilio kabisa. Draiva ya grafiki, yaani programu inayoiendesha chipu ya picha, haijaishika skrini. Amri za xrandr zina mahali pake, na tutafika huko, ila si hatua ya kwanza.

Hatua ya 1: Iulize skrini ina pikseli ngapi

Kioo cha laptopu kina idadi ya pikseli isiyobadilika. Cha 1366x768 kina pikseli 1,049,088. Cha 1920x1080 kina 2,073,600, karibu maradufu. Hakuna amri inayoongeza pikseli ambazo kioo hakikuumbwa nazo, kwa hiyo jua kwanza unadai nini. Fungua terminali kwa Ctrl+Alt+T, uandike:

`cat /sys/class/drm/card*-eDP-1/modes`

Mstari wa juu kabisa kwa kawaida ndio mwonekano halisi wa kioo. eDP-1 ni jina la mlango wa skrini ya ndani; kwenye mashine za zamani zaidi weka LVDS-1 badala yake. Ukiambiwa hakuna faili kama hiyo kwa majina yote mawili, usihangaike tena na hatua hii: ni dalili kwamba draiva haipo kazini.

Hatua ya 2: Jua ni draiva gani inayotumika

`lspci -k | grep -EA3 'VGA|3D|Display'`

Unatafuta mstari mmoja tu:

`Kernel driver in use: i915`

i915 ni ya Intel, na ndiyo utakayoikuta kwenye EliteBook, Latitude na ThinkPad nyingi za ex-UK. AMD huonyesha amdgpu au radeon. Nvidia huonyesha nouveau au nvidia. Mstari huo usipokuwepo kabisa, picha unayoiona imechorwa kwa njia ya dharura: mfumo unatumia ukubwa ulioachiwa na BIOS au UEFI (programu ya ubao inayoiwasha mashine) wakati wa kuwaka, na kazi yote ya kuchora inabebwa na prosesa. Ndiyo maana skrini ya namna hii huja pamoja na feni inayovuma, video zinazokatakata na betri inayoisha upesi.

Ukiandika `xrandr` katika hali hiyo, skrini yako itaitwa default, None-1 au Unknown-1 badala ya eDP-1. Jina hilo likitokea, weka xrandr kando kwa sasa. Kumwongezea vipimo mtu asiyejulikana hakutasaidia.

Hatua ya 3: Tafuta neno nomodeset

`cat /proc/cmdline`

Soma mstari wote polepole. Ukiona `nomodeset`, umempata mhusika. Neno hili huikataza keneli (kiini cha Linux) isipange skrini kupitia draiva ya grafiki. Huwekwa kwa nia njema: mtu aliyesakinisha Ubuntu kwa chaguo la grafiki salama, au Mint kwa hali ya utangamano, amelitumia bila kulijua, na linaweza kubaki hata baada ya usakinishaji kwisha. Fundi aliyekuwekea mfumo dukani huenda alichagua njia hiyo ili kazi iishe haraka.

Usilifute moja kwa moja. Lijaribu kwanza bila kuhifadhi. Zima laptopu, iwashe, na mara tu nembo ya kampuni inapotokea gusa Esc. Kwenye mashine za BIOS ya zamani shikilia Shift. Menyu ya GRUB (programu inayoiwasha Linux) ikifunguka, weka kiteuzi kwenye mstari wa kwanza, bonyeza `e`, shuka hadi mstari unaoanza na `linux`, futa neno nomodeset peke yake, kisha bonyeza F10. Skrini ikiwaka na herufi zimekaa sawa, jibu umelipata. Ikiwa nyeusi tii, izime kwa kushikilia kitufe cha umeme na uiwashe tena. Hukuhifadhi kitu, kwa hiyo itarudi ilivyokuwa.

Jaribio likifaulu, lifanye la kudumu:

`sudo nano /etc/default/grub`

Tafuta mstari wa GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT, uuache hivi:

`GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT="quiet splash"`

Angalia pia mstari wa GRUB_CMDLINE_LINUX ulio chini yake; nomodeset ikiwemo, ifute. Hifadhi kwa Ctrl+O na Enter, toka kwa Ctrl+X, halafu:

`sudo update-grub`

Makosa mawili hurudiwa sana hapa. La kwanza ni kufuta alama ya kufunga nukuu pamoja na neno. Update-grub italalamika, na ni lazima urekebishe kabla ya kuwasha upya. La pili ni kuisahau hiyo update-grub. Faili uliyoihariri ni maagizo tu. Bila amri hii maagizo hayafiki popote, na utaapa kwamba njia hii haifanyi kazi.

Kama nomodeset haipo na draiva pia haipo, sasisha mfumo mzima: `sudo apt update && sudo apt full-upgrade`. Hiyo inaweza kuvuta mamia ya megabaiti, kwa hiyo tafuta Wi-Fi badala ya kuliteketeza bando la siku, na hakikisha betri imejaa. Stima ikipotea katikati ya kusasisha keneli, una kazi nyingine. Wenye Nvidia kwenye Ubuntu waongeze `sudo ubuntu-drivers install`. Secure Boot (ulinzi unaozuia programu zisizotiwa saini) ikiwa imewashwa, utaombwa kubuni nenosiri, na ukiwasha upya utaona ukurasa wa buluu: chagua Enroll MOK na uliandike nenosiri hilo. Ukiuruka ukurasa huo, draiva haitapakiwa.

Hatua ya 4: Projekta na runinga, hapa ndipo xrandr inafaa

Skrini ya laptopu iko sawa, lakini projekta ya kanisani au ya ukumbi wa shule inakataa kuvuka 1024x768. Hili ni tatizo lingine kabisa. Kila skrini hujitambulisha kwa kompyuta kupitia taarifa fupi iitwayo EDID, ambayo kwenye kebo ya VGA hupita katika pini ya 12 na ya 15. Kebo za bei rahisi wakati mwingine hazina nyaya hizo, au pini imepinda. Laptopu ikikosa utambulisho, hucheza salama na kutoa ukubwa mdogo. Pima:

`cat /sys/class/drm/card*-VGA-1/edid | wc -c`

Jibu la 128 au 256 ni zuri. Sifuri maana yake taarifa haikufika. Badilisha kebo kwanza. Ni dawa bora kuliko amri yoyote inayofuata.

Kama kebo nyingine haipo na ibada inaanza, uunde ukubwa mwenyewe. Hakikisha uko kwenye Xorg, mfumo wa kuchora madirisha ambao xrandr huuamuru (mwenzake mpya ni Wayland): `echo $XDG_SESSION_TYPE` ijibu x11. Ikijibu wayland, toka, na kwenye ukurasa wa kuingilia bonyeza alama ya gia chini, uchague Ubuntu ya Xorg. Chaguo hilo lipo kwenye 22.04 na 24.04. Mint ya kawaida tayari iko x11. Kwa projekta ya 1280x800, cvt itakukokotolea vipimo:

`cvt 1280 800`

Chukua kila kitu kinachofuata neno Modeline:

`xrandr --newmode "1280x800_60.00" 83.50 1280 1352 1480 1680 800 803 809 831 -hsync +vsync`

`xrandr --addmode VGA-1 1280x800_60.00`

`xrandr --output VGA-1 --mode 1280x800_60.00; sleep 15; xrandr --output VGA-1 --mode 1024x768`

Amri ya mwisho ina kinga ndani yake: baada ya sekunde 15 inarudi ukubwa wa zamani, ili picha ikipotea usibaki gizani. Ukiridhika, irudie bila sehemu ya sleep na inayoifuata. Kosa la BadName linalotaja rangi au fonti lisikutishe. Linamaanisha tu ukubwa wenye jina hilo umeshaundwa.

Kwa HDMI kuna mtego. `cvt 1920 1080` hutoa kasi ya pikseli ya 173.00 MHz, na mashine nyingi za zamani haziruhusu zaidi ya 165 kwenye mlango huo, kwa hiyo ukubwa unakataliwa ingawa umeandika kila herufi sawasawa. Tumia `cvt -r 1920 1080`, inayoshuka hadi 138.50.

Xrandr husahau yote ukiwasha upya. Weka mistari ya newmode na addmode kwenye faili `~/.xprofile`, na ukubwa wako utaonekana kwenye Mipangilio kila unapoingia.

Ukishafika 1920x1080 na herufi zimekuwa punje

Kwenye kioo cha inchi 14 hilo ni la kawaida. Usipunguze mwonekano, utapata ukungu kwa sababu pikseli hazilingani tena na za kioo. Kwenye Ubuntu kuza maandishi peke yake:

`gsettings set org.gnome.desktop.interface text-scaling-factor 1.25`

Na kama kioo chako ni cha 1366x768 na umechoka nacho, kilichobaki ni kukibadilisha. Kabla ya kumpa fundi pesa, mwombe aangalie kebo ya skrini pia, si idadi ya pini pekee. Kioo cha 1080p kwa kawaida huhitaji njia mbili za data kwenye eDP, na kebo iliyokuja na kioo cha 768 huenda ina moja. Pini 30 zitaingia vizuri kabisa, na skrini ibaki nyeusi. Nenda na namba ya kioo ulichonacho: sakinisha edid-decode, kisha `cat /sys/class/drm/card*-eDP-1/edid | edid-decode`. Mara nyingi namba ya modeli huandikwa kwenye mistari ya mwisho ya majibu hayo. Isipokuwepo, iko kwenye kibandiko nyuma ya kioo.