Kurekodi Kumbukumbu za Mtoto wa Mfungwa wa Kisiasa

Vikundi vya Kisumu na Nakuru vinavyokusanya sauti za watu waliokua mzazi akiwa kizuizini visianze na siasa za mzazi. Mtoto wa miaka minane hakuzijua, na aliyoyasikia ukubwani hufunika aliyoyaona. Anza nyumbani: nani alilipa karo? Jirani yupi aliacha kuja? Mama alisema baba yuko wapi? Shuleni aliitwa mtoto wa mkomunisti?

Wahoji ndugu mmoja mmoja. Wakikaa pamoja, kifungua mimba husemea wote na kitinda mimba hunyamaza. Dakika 90 zatosha. Rekodini asubuhi, maana mvua ya alasiri ya Kisumu ikipiga mabati sauti haisikiki tena.

Mwaka usiuulize moja kwa moja. Uliza kama ilikuwa kabla au baada ya ufunguzi wa hospitali ya Kisumu iitwayo Russia, 25 Oktoba 1969. Jaribio la mapinduzi la 1 Agosti 1982. Mahindi ya manjano ya njaa ya 1984. Michezo ya Afrika ya Agosti 1987.

Halafu karatasi, na hapa ndipo wengi hukwama. Aliyewekwa kizuizini bila kesi alipaswa kutangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali ndani ya siku 14, kwa hiyo anza na toleo la wiki aliyokamatwa, usonge mbele. Aliyehukumiwa, kama washtakiwa wengi wa Mwakenya, kundi la siri lililopinga serikali ya Moi, kuanzia 1986, hayumo humo hata utafute mwaka mzima. Huyo tafuta nambari ya kesi yake mahakamani. Siku za mateso Nyayo House, jengo la serikali jijini Nairobi, kabla ya mahakama hazikutangazwa popote. Mtoto anayekumbuka kwamba baba hakuonekana tangu mtihani hadi shule zikafungwa ana ushahidi mzito, kwa hiyo mrudishe hapo taratibu, umwachie na Kijaluo au Kikuyu chake.

Ujerumani Mashariki ilipoanguka, watu waliruhusiwa kusoma majalada ya Stasi, polisi wake wa siri, kuanzia 1992. Majalada ya Special Branch, polisi wa siri wa Kenya, hayakufunguliwa hivyo. Omba hata hivyo: Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inakubali ombi la maandishi kwa Kiswahili, na ofisi ina siku 21 za kujibu. Ukikataliwa, una siku 30 za kulalamika kwa Tume ya Haki ya Utawala.

Kabla ya kuhifadhi, msomee msimulizi yote. Majina ya wanaodaiwa kuchongea yaondolewe katika nakala ya umma, kwani watoto wao nao wanaishi mtaa huohuo. Nakala kamili ziwe mbili, katika nyumba mbili tofauti.